Kope Iliyoanguka Kwaresima

Ukitaka habari ya mtu yeyote hapa Oakleigh, usimuulize mwenyewe. Keti kwenye kiti changu, niache nikuoshe nywele, utaipata kabla povu halijaisha kichwani. Miaka ishirini na mbili nimewakata nywele Wagiriki wa mtaa huu wa ugenini, wazima na marehemu. Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumapili ya Matawi, kanisa zima lilipogeuza shingo kunitazama mimi, Evanthia, sikuhitaji kusogea nisikie wanachosema. Maneno yale yale nilikuwa nimeyasema mimi juu ya wengine.

"Ni jicho la kushoto. Tazama, kope imelala kabisa."

"Kiharusi?"

"Kiharusi nini! Hospitali wamempima mpaka ubongo. Hawajui ni nini."

"Husuda hiyo. Kupata mwanamume mdogo vile, kwa miaka yake arobaini na sita, unadhani watu wanafurahi?"

"Ptu, ptu, ptu. Mungu amlinde."

Walikuwa wananitemea mate ya kinga, wale wale waliokuwa wakiniita mama mlezi wa Skevos. Ndivyo tulivyo. Ukiwa mzima tunakusema, ukiugua tunakupikia.

Skevos alikuwa amesimama mkono wangu wa kulia, amenishika kiwiko kana kwamba sakafu ina mafuta. Tangu Jumanne ya hospitali alikuwa ananishika hivyo. Ana miaka thelathini na saba, fundi wa majokofu, mikono yake siku zote ina baridi kidogo na harufu ya chuma, na mimi nilikuwa nimefika mahali ambapo nikisikia harufu ile barabarani nageuka.

"Umechoka?" akaninong'oneza.

"Sijachoka."

"Ukisikia kizunguzungu, sema."

"Skevos, niko sawa."

"Sema tu. Usinifiche."

Akanitazama usoni. Si kama mwanamume anavyomtazama mwanamke wake. Alinitazama kama fundi anayesubiri mashine ikate sauti.

Mbele yetu, mlangoni mwa kanisa, mama yake alikuwa anavua viatu.

Polyxeni ana miaka sabini na nne. Goti lake la kulia ni la chuma, aliwekewa mwaka jana, na daktari alimkataza hata kupiga magoti bustanini kung'oa magugu. Alivikabidhi viatu kwa wifi yake Aglaia, akajishika kwenye fremu ya mlango, akashuka. Goti la kwanza. Goti la pili. Kutoka mlangoni hadi kwenye picha ya Mtakatifu Paraskevi, mlinzi wa macho, ni sakafu ya marumaru tupu. Alikuwa ameweka nadhiri: jicho langu likionekana kuwa si kiharusi, ataitembea kwa magoti.

"Mama, inatosha, Mungu ameona," Skevos alisema.

"Mungu ameona nini? Bado sijaanza. Sogea."

Akaanza.

Sasa nisimame hapa niwaambie nilichokuwa nakijua mimi peke yangu katika kanisa lile, mimi na dada yangu Fotini aliyebaki nyumbani akipika.

Siku kumi na moja nyuma, Jumatano, saa kumi alasiri, nilipanda ngazi za kliniki iliyo juu ya duka la keki nikachomwa sindano za paji. Zile za kulegeza misuli, zinazofuta mikunjo. Kisa chake kidogo, kinaniaibisha. Tulikuwa sokoni mimi na Skevos, kwa muuza samaki, na binti wa pale akamfungia Skevos ngisi wake, akatabasamu, akauliza, "Na mama yako atachukua pweza?" Skevos alicheka mpaka machozi. Nami nilicheka. Halafu nikaenda nyumbani nikakaa mbele ya kioo na taa zote.

Muuguzi aliitwa Bronwyn, mwanamke mwenye sauti ya kuwapa watoto dawa. Daktari alinihoji kupitia simu kwa dakika nne, akaidhinisha, kisha Bronwyn akaniambia nikunje uso kama nimekasirika. "Kama unamkasirikia nani?" akatania. Nikamfikiria Polyxeni. Nikakunja vizuri sana.

"Hutaona kitu leo wala kesho," alisema huku akinichoma, vijisindano vyembamba, uchungu wake kama siafu. "Siku ya tatu, ya nne, utahisi paji zito. Wiki mbili ndipo dawa imekaa. Miezi mitatu, minne, inaisha, uso unarudi wako. Kichwa kinaweza kukuuma. Sasa nisikilize, mpenzi. Kwa muda wa saa nne usilale, usiiname, usisugue wala usikandamize paji. Dawa ikisafiri ikashuka kwenye kope, kope inaanguka. Ni mara chache. Ikitokea, nipigie simu, na usiogope, inainuka yenyewe baada ya wiki kadhaa."

"Nimeelewa," nikasema.

Nikashuka ngazi, simu ikalia. Skevos. "Mama anakwenda ibada ya jioni. Njoo ukae karibu naye. Akuone unasali, roho yangu. Ukimpata yeye, tumewapata wote."

Wenzangu waliozaliwa kwenye makanisa mengine hawatanielewa. Jumatano za Kwaresima, sisi hatuinami kidogo. Kasisi anapopita na sadaka iliyotakaswa, ule mkate na divai ya komunyo, tunaanguka chini kifudifudi, paji sakafuni, na hatuinuki mpaka amepita. Na kabla ya hapo kuna sala ya kusujudu, na baada yake tena. Polyxeni alikuwa nyuma yangu viti viwili. Nilihisi macho yake mgongoni. Saa nne za Bronwyn zilikuwa bado hazijafika hata tatu. Nikasujudu. Nikalibana paji langu kwenye zulia kuliko mwanamke yeyote mle ndani, nikakaa chini muda mrefu kuliko wote, ili mama wa mwanamume wangu aone.

Jumanne iliyofuata, nikinywa kahawa jikoni kwa Skevos, yeye ndiye aliyeiona kwanza.

"Tabasamu," akasema.

"Nini?"

"Nimesema tabasamu, Evanthia! Inua mikono. Yote miwili! Sema jina lako!"

"Skevos, una nini?"

"Sema jina lako!"

Nikasema jina langu. Nikainua mikono. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. Akaniambia nikunje paji, na paji halikukunjika, lilikuwa limekaa kama sahani. Akaweka kikombe chake hewani, pasipo na meza, kikapasuka chini.

Baba yake, mzee Anestis, alifia mezani kwa kiharusi miaka miwili iliyopita. Alikuwa mcheshi wa ukoo. Kope yake ilipoanguka katikati ya chakula, watu wote walidhani anakonyeza, wakacheka. Skevos alicheka kuliko wote, akamkonyeza na yeye. Aliniambia jambo hili mara moja tu, na aliponiambia alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

Nilikuwa nalijua hili. Nililijua ndani ya gari tukivuka taa nyekundu. Mara tatu nilifungua mdomo. Mara tatu nikamwona yule binti wa samaki. Hospitalini daktari kijana alikuja na karatasi zake, akauliza dawa ninazotumia, akauliza magonjwa ya ukoo, kisha akauliza, taratibu kabisa, "Umewahi kuchomwa sindano za urembo usoni? Hivi karibuni?"

Skevos alikuwa upande huu wa kitanda. Polyxeni, aliyekuja mbio na aproni yake bado kiunoni, upande ule.

"Hapana," nikasema.

Daktari akanitazama paji kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akaandika hapana yangu. Wakaniingiza kwenye mashine, wakanitoa damu, wakanilaza. Na Polyxeni, ambaye mwaka mzima hakuwahi kulitamka jina langu, alinishika mguu juu ya shuka akalia. Nilimwambia Fotini ukweli kesho yake asubuhi, kwa simu.

"Basi nyamaza," Fotini akasema. "Mama mkwe analia juu ya miguu yako na wewe unataka kufungua mdomo? Kope itainuka, utasema ni maombi. Nani atajua?"

Na kweli siku tatu baadaye Polyxeni akatuma salamu: neno la uchumba litolewe Jumapili ya Matawi, baada ya ibada, nyumbani kwa Fotini. Kwaresima hairuhusu muziki, lakini siku hiyo inaruhusu samaki, na samaki watatosha. Fotini akakusanya watu arobaini wa kutusubiri kwake tangu asubuhi.

Haya. Turudi kanisani.

Alikuwa amefika nusu. Soksi ya goti zima ilikuwa imetoboka. Lile la chuma alikuwa halikunji tena, analiburuta kama mzigo wa mtu mwingine, na kila akiliburuta alitoa kisauti, si kilio, kisauti cha mtu anayevua pete iliyobana. Aglaia alikuwa analia waziwazi. Skevos aliinama kumshika kwapa, mama yake akampiga kofi la mkononi.

"Nikisaidiwa si nadhiri."

Ningeweza kusema pale. Kila nikijihesabia dhambi zangu, naanzia hapo. Alikuwa amebakiza nusu nzima ya safari, na mimi nilikuwa natembea kando yake, nimeshika viatu alivyoniachia Aglaia, na nikafikiria watu arobaini wa Fotini. Nikamwacha aende.

Alipofika kwenye picha alijishikilia kwenye kinara cha mishumaa. Mfukoni akatoa kibati cha fedha kilichochorwa macho mawili, akakitundika kwenye kamba pamoja na vibati vya nadhiri vya watu wengine. Akabusu kioo cha picha. Kisha, akiwa bado amepiga magoti, akanigeukia mimi.

"Evanthia. Njoo hapa, binti yangu."

Binti yangu. Nikainama.

"Sikia mbele ya mwanangu na mbele ya wifi yangu, nisije nikaficha. Jumatano ile ulikuwa mbele yangu. Nilikuona umeanguka kifudifudi, nikakuchukia. Nikasema moyoni, huyu bibi anaigiza. Nikasema, inama usiinuke. Kanisani! Sadaka inapita na mimi namlaani mtu! Ni jicho langu la husuda lililokupata. Si la mwingine. Daktari hawezi kuliona kwenye mashine, lakini mimi nalijua. Nisamehe."

Akavua bangili yake, ile ya dhahabu aliyovishwa na Anestis, akaanza kuisukuma mkononi mwangu. Haikupita kwenye kiganja.

"Nisamehe, nipate kukomunika Pasaka hii."

"Mama, simama," nikamwambia.

"Sema umenisamehe."

"Si wewe, mama. Simama. Si wewe."

"Ni mimi. Usinionee huruma."

"Ni sindano," nikasema.

Aglaia akaacha kulia.

"Sindano gani?" Skevos aliuliza.

"Za paji. Za mikunjo. Nilichomwa Jumatano ile kabla ya ibada. Niliambiwa nisiiname, nikainama. Labda ni kule kuinama, labda ni mkono wa muuguzi, sijui, lakini ni dawa ile. Ndiyo iliyoangusha kope. Itainuka yenyewe. Sikuwa naumwa."

Nilisema yote kwa pumzi moja nikitazama kile kibati cha fedha. Nyuma yangu nilisikia kanisa linavyopokea habari, safu kwa safu, kama upepo kwenye matawi waliyoshika.

Polyxeni alikuwa bado chini. Hakupandisha sauti.

"Hospitalini ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

"Nilipokushika mguu?"

"Ndiyo, mama."

"Na sasa hivi, nilipokuwa pale mlangoni?"

Nikainamisha kichwa.

"Walikuchoma sindano ngapi?"

"Tano... saba. Saba."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu asichokusudia kununua. "Saba," akasema. Nikanyoosha mikono nimwinue. Akaitazama mikono yangu.

"Si wewe. Skevos, ninyanyue."

Skevos alimnyanyua mama yake mzima mzima, kama unavyomtoa mtoto kwenye maji, damu ya goti ikampaka shati. Aglaia alinipokonya viatu. "Mwongo mkubwa," aliniambia, na huyu ndiye aliyekuwa akiniletea maandazi ya ufuta saluni. "Goti lile likiharibika nitakuja kukufungia hiyo saluni kwa mikono yangu." Bangili ilikuwa imenibaki kwenye vidole. Nilimpa. Akaipokea bila kunigusa.

Nilidhani Skevos ataondoka nao. Aliwaweka kwenye gari la Aglaia, akamfunga mama yake mkanda, akaongea naye dirishani kidogo. Kisha akarudi akanifungulia mlango wa gari lake la kazi.

"Panda. Nikupeleke kwa dada yako."

Nyuma mitungi yake ya gesi ilikuwa inagongana njia nzima. Alipoegesha mbele ya nyumba ya Fotini hakuzima injini. Kupitia dirishani niliwaona watu, vichwa na vichwa, na meza imejaa.

"Skevos. Nitukane."

"Sina tusi."

"Nilikuwa naona aibu. Yule msichana wa samaki..."

"Msichana yupi?"

Hakumkumbuka hata kidogo.

"Nilitaka watu wasiniite mama yako."

"Mimi nilikuita nini?"

"Roho yako."

"Basi." Akapangusa usukani kwa kiganja, hapakuwa na vumbi. "Unajua nilifanya nini pale hospitalini ulipokuwa ndani ya mashine? Nilikwenda chooni nikaongea na baba. Nikamwambia, huyu safari hii nimemwona mapema. Sikucheka. Baba, umeona, sikucheka."

"Skevos..."

"Nilijisikia mtu, Evanthia. Miaka miwili, ndiyo mara ya kwanza."

Nililia. Machozi yalishuka, mdomo ulipinda, lakini juu huko paji lilikuwa tulivu, na kope yangu imelala kama ya mtu anayesinzia katikati ya hadithi. Nilijiona kwenye kioo cha pembeni. Na yeye aliniona.

"Nilikuwa nataka kukusamehe," alisema. "Tangu kanisani najaribu. Mikunjo, sindano, hayo hata si kitu, ungenyoa nywele zote ningekupenda hivyo hivyo. Lakini nakutazama hapa, na sijui kama unalia kweli."

"Nalia kweli! Nishike. Nishike mkono uone unavyotetemeka."

Hakunishika.

"Siku ukiumwa," akauliza, na hakuuliza kwa ukali, aliuliza kama mtu anayeomba kuelekezwa njia, "siku ukiumwa kweli, mimi nitajuaje?"

Nilitafuta. Naapa nilitafuta, mimi ambaye sijawahi kukosa neno katika mtaa huu. Injini ilikuwa inanguruma. Alisubiri muda mrefu, alinipa nafasi yote ambayo mwanamume anaweza kumpa mwanamke. Halafu akainama mbele yangu, bila kunigusa, akanifungulia mlango.

Nilishuka. Sikugeuka mpaka mitungi iliponyamaza kwenye kona.

Fotini alikuwa ameshafungua mlango wa nyumba. Kelele ikanijia pamoja na harufu ya chewa wa kukaanga na kitunguu saumu, wajomba wakigonga glasi, shangazi zangu wa pande zote mbili, wateja wangu wa Ijumaa, wote wamevaa. Meza imewekwa lozi za sukari kwenye sinia la fedha. "Waishi! Waishi!" wakatubariki kwa kelele, na mama mmoja akaanza kunirushia mchele kabla ya wakati, wenzake wakamcheka. Mjomba Lefteris akaja na mikono wazi, akanibusu mashavu yote mawili, akachungulia juu ya bega langu.

"Na bwana harusi yuko wapi?"

Nyumba nzima ilikuwa inatabasamu, ikinisubiri.

"Anaegesha gari," nikasema.

Wote wakageuka kutazama mlango.